Ukitaka Kufufua Korona ya Mkonge Upareni, Anza na Mto

Mkonge ulihitaji tambarare yenye jua, na korona, yaani mashine ya kutoa singa (nyuzi) kwenye majani yake pamoja na jengo lake, ilihitaji maji. Ndiyo maana katika ukanda unaozunguka milima ya Upare majengo ya kuchakata mkonge yaliwekwa pale mito inaposhuka kutoka juu na kuingia mbugani: kuta nene, nafasi kubwa ndani, paa la bati lililoinuliwa ili joto litoke, na mtaro mrefu wa kumwaga makapi. Baadhi bado yanafanya kazi yake. Mengine yamebaki magofu ya kufugia mbuzi.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako uliye na jengo la namna hiyo mkononi au unayelifikiria: chama cha ushirika, serikali ya kijiji, kikundi cha akina mama wa tangawizi, usharika, mwekezaji mdogo, au mjukuu wa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, aliyerudi nyumbani na akiba yake. Wengi huanza na paa, kwa sababu paa ndilo linaloonekana. Mimi nakuomba uanze na mto. Jengo lilijengwa kwa ajili ya mto wa wakati ule, na mto wa leo si ule.

Panda mlimani kwanza

Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, na mashamba yakaifuata. Kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na korona moja baada ya nyingine zikanyamaza.

Katika miaka hiyo yote, watu wa juu mlimani hawakukaa bila kazi. Mpare alikuwa na ndiva kabla ya Mjerumani kuja na korona. Maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye bwawa dogo la udongo na mawe, asubuhi lango linafunguliwa, na kila shamba linapata kwa zamu. Ndiva ya Manoo pale Bangalala, inayopokea maji ya mto Vudee, ni mfano wa zile zilizopanuliwa na kuimarishwa kwa saruji katika miongo ya karibuni. Idadi ya watu imeongezeka, mashamba ya mboga ya kiangazi yameongezeka, na maji yanayofika chini yamepungua. Watu wa Makanya, huko chini, wanalijua hili kuliko mtu mwingine: kwao mto sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga, na wakulima wanategemea mafuriko ya ghafla, ambayo huyakinga na kuyaelekeza mashambani.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, fuata mto kwenda juu. Nenda na mtu anayefahamika huko, na umpitie mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa ndiva. Uliza kuna ndiva ngapi, nani ana zamu lini, ni miezi gani maji hayavuki mashamba ya mwisho. Uliza pia kama kuna jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa, na kama ipo, omba nafasi ya kusikilizwa kwenye mkutano wake. Ukija baadaye na bomba na pampu bila kuwa umekaa nao, utakuwa na jengo zuri lenye ugomvi usioisha.

Halafu pima maji mwenyewe. Huhitaji chombo cha gharama. Tafuta mahali mto umenyooka, pima mita 10 ukingoni, tupa kijiti kikavu katikati na hesabu sekunde. Pima upana na kina sehemu kadhaa upate wastani. Tuseme upana ni mita 2, kina ni sentimita 20, na kijiti kimetumia sekunde 20. Mwendo ni nusu mita kwa sekunde, eneo la maji ni mita za mraba 0.4, zidisha upate mita za ujazo 0.2 kwa sekunde. Punguza robo, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yanayosugua mawe ya chini. Unabaki na lita 150 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa siku hiyo hiyo, kisha urudi Aprili wakati wa masika na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Kipimo cha Septemba ndicho cha kupangia shughuli zako.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya ndoto inayowajia karibu wote wanaoona jengo la zamani kando ya mto: kuzalisha umeme wa maji. Kwa lita 150 kwa sekunde na mwinuko wa mita 20, mtambo mdogo wenye ufanisi wa asilimia 60 hutoa karibu kilowati 18, zinazotosha mashine ya kusaga na taa zote. Mto huohuo ukibaki na lita 20 mwezi Septemba, unapata kilowati 2 na kidogo, na hizo lita 20 zenyewe zina wenyewe huko chini. Wilaya ya Same ni nchi ya jua kali. Kwa korona nyingi za tambarare, fedha ya umeme itumike kwenye paneli za sola na kuunganishwa na TANESCO. Turbini waachie wenye maporomoko ya kudumu juu mlimani.

Upande wa pili wa mto ni hasira yake. Novemba 2009 maporomoko ya udongo kule Mamba Miamba, katika wilaya hiihii ya Same, yaliua zaidi ya watu 20 baada ya mvua kubwa. Mvua inayofanya hivyo mlimani hushuka tambarare ikiwa na magogo na mawe. Kwenye jengo lako tafuta alama: mstari wa tope ukutani, manyasi yaliyonasa kwenye waya, mchanga uliojaa kwenye mtaro wa makapi. Waulize wazee maji yalifika wapi wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Hiyo alama ipake rangi ukutani, na kuanzia hapo usiweke chini yake stoo ya mpunga, swichi ya umeme wala betri za sola.

Nani mwenye jengo, na nani mwenye maji

Jengo la mkonge mara nyingi lina historia ndefu ya umiliki: kampuni ya kikoloni, shirika la umma baada ya 1967, mnunuzi wa wakati wa ubinafsishaji, benki iliyoshika hati, na wanakijiji wanaolima kandokando kwa miaka 30. Usiamini neno la mtu mmoja, hata akikuonyesha karatasi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa, ujue hati ni ya nani, ina miaka mingapi iliyobaki, na kama imewekewa rehani. Kama mali iliwahi kuwa ya umma, muulize pia Msajili wa Hazina. Kama ardhi imerudishwa kwa kijiji, maamuzi ni ya mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uwe na saini.

Mwenye jengo si lazima awe mwenye maji. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchepusha maji kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, na kwa mito hii ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye ofisi Moshi. Banio la zamani lenye lango la chuma halikupi haki yoyote. Kibali cha kumwaga majitaka ni kingine, na ukipanga kuosha tangawizi au kutengeneza juisi utakihitaji.

Kisha kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Korona nyingi zimo ndani ya mita hizo, kwa sababu zilijengwa miongo mingi kabla ya sheria. Nenda kwa ofisa mazingira wa halmashauri na kwa NEMC ukiwa na ramani, picha na maelezo mafupi ya unachotaka kufanya, kabla hujatumia hata shilingi ya rangi. Hoja yako iwe nyepesi: huongezi jengo jipya ukingoni, unapunguza uchafuzi uliokuwepo, na unapanda miti ya asili kwenye ukingo uliomong'onyoka. Choo, karakana ya magari na tangi la dizeli vipeleke nje ya mita 60 tangu kwenye mchoro wa kwanza.

Kuhusu urithi, usitegemee serikali ikulindie jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mkonge ulifika miaka 30 baadaye, hivyo hakuna korona hata moja inayoingia kwenye ulinzi huo, isipokuwa waziri alitangaze jengo mahususi. Maana yake ni kwamba leo hii mtu anaweza kuja na gesi ya kukatia na lori la vyuma chakavu, na jioni historia ya wilaya ikawa imepimwa kwa kilo. Ukishapata haki ya jengo, kazi ya kwanza kabisa ni mlinzi na orodha. Piga picha kila mashine, andika namba iliyochongwa kwenye kibati chake, pima reli za vitoroli vilivyoleta majani. Orodha hiyo nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.

Na watafute waliofanya kazi humo, kwani wamebaki wachache. Mtu aliyelisha majani kwenye korona miaka ya 1970 anajua bomba limepita wapi chini ya sakafu, ukuta upi uliongezwa baadaye, mahali ambapo zege lilimwagwa juu ya shimo. Anakuokolea gharama ya kuchimba. Watoto wa manamba waliotoka Kigoma, Songea na hata nje ya nchi bado wanaishi kwenye zilizokuwa kambi, na kwao jengo hili ni kumbukumbu ya jasho, mara nyingine ya uonevu. Wasikilize kabla hujaamua litaitwaje na litafanya nini.

Ukuta, kenchi, sakafu

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lile la mwaka 1883 lilikuwa na wataalamu, fedha na jina la dunia nzima. Wewe una mafundi wa Same na bajeti ndogo, kwa hiyo kanuni yako iwe kali kuliko yao: hakuna mtu anayegusa ukuta unaobeba kabla haujaegemezwa, na hakuna anayeamua ukuta upi unabeba isipokuwa mhandisi aliyesajiliwa. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kosa moja.

Wakati unamsubiri mhandisi, anza kukusanya ushahidi. Kila ufa mkubwa ubandikie kipande chembamba cha kioo kinachouvuka, kikishikwa kwa plasta kila upande wa ufa, na uandike tarehe pembeni. Kioo kikipasuka kabla ya masika kuisha, ukuta bado unatembea, na huenda tatizo liko kwenye msingi unaolowa. Kikibaki kizima mwaka mzima, ufa ni wa zamani na unaweza kuujaza.

Kwangua kiungo kati ya mawe kwa msumari. Kikiwa kigumu na cha kijivu, ni saruji. Kikiwa cheupe na laini, kamulia ndimu: kikitoa povu mna chokaa, kikinyamaza ni udongo. Hii inaamua kila kitu kinachofuata, kwa sababu ukuta wa chokaa au udongo hupumua, unameza unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inapanda, na baada ya misimu michache lipu inabanduka na uso wa jiwe. Nimeshaona kuta za karne nzima zikiharibiwa kwa mifuko ya saruji iliyonunuliwa kwa nia njema kabisa. Tumia chokaa iliyozimwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa. Upepo wa Same hukausha haraka mno, na chokaa inayokauka kabla ya kushika hubaki unga. Funika ukuta kwa magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa wiki moja au mbili. Mafundi wavae miwani na glavu, chokaa inaunguza macho.

Kwenye kenchi, panda na bisibisi. Choma kila mbao pale inapokaa juu ya ukuta, kwani hapo ndipo maji na mchwa hukutana. Bisibisi ikizama, kata ncha iliyooza na uungie mbao mpya kwa bolti, badala ya kung'oa kenchi zima. Mihimili ya chuma yenye kutu ya juu juu isuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Iliyomeguka kwa matabaka ipimwe na mhandisi. Paa la bati za migongo za zamani mara nyingi ni nene kuliko bati za dukani leo, kwa hiyo usikubali fundi aliyezoea kubomoa akuambie yote ni takataka. Lakini kama kuna vigae bapa au vya migongo vya kijivu, vinavyovunjika kama sahani, simama. Huenda ni asbesto. Usivikate, usivipige msasa, usivifagie vikavu. Piga simu OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kazi ifanywe na wenye vifaa.

Vyumba viwili vinahitaji uangalifu wa pekee. Chumba cha brashi, singa zilipochanwa na kufungwa marobota, kina vumbi la nyuzi lililolala juu ya kenchi kwa miongo. Cheche moja ya mashine ya kuchomelea inatosha kuliwasha. Ondoa vumbi lote kwa brashi na maji kabla ya kuchomelea chochote humo. Chumba cha korona yenyewe sakafu yake ilinyweshwa maji ya mkonge yenye asidi kila siku, na asidi hula zege. Gonga kwa nyundo polepole, mita kwa mita. Sauti ikibadilika na kuwa ya mvungu, weka alama ya chaki. Usiweke mashine nzito juu ya alama hizo mpaka sakafu imevunjwa na kumwagwa upya. Mtaro wa makapi uchimbuliwe na usafishwe wote, hata kama hutautumia, kwa sababu huo ndio utakaobeba maji ya mvua siku mto ukijaa.

Lifanye kazi gani?

Hapa ndipo miradi mingi inapokufa, na mara nyingi ilishakufa kabla ya kuzinduliwa. Kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba kimeifundisha wilaya hii kwamba jengo na sherehe havitoshi. Zao lilikuwepo, wakulima walikuwepo, lakini kwa muda mrefu mashine hazikuwa zikisaga inavyotakiwa. Anza na mzigo ambao tayari unapita mlangoni. Ndungu kuna skimu ya umwagiliaji ya mpunga iliyojengwa kwa msaada wa Japani, inayotumia mto Yongoma. Milimani kuna tangawizi, ndizi na maharage. Anayelipa kodi mapema kuliko wote ni mtu anayetaka ghala kavu, lenye mizani ya kuaminika na mlango unaofunguka kwa lori. Ghala halihitaji maji mengi, halihitaji kubadili kuta, na nafasi kubwa ya korona inalifaa bila kuongeza tofali.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: upande mmoja wa jengo uwe ghala linaloingiza fedha tangu msimu wa kwanza, na upande wa pili ukue taratibu. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, na GoDown Arts Centre ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2003, zimeonyesha kwamba banda la kazi linaweza kuwa makao ya wasanii bila kugeuzwa jumba la kifahari. Upareni ningependa kuona karakana ya kusuka singa, chumba cha mafunzo ya ufundi, na kona ya kumbukumbu yenye mashine moja ya korona iliyoachwa mahali pake, na majina ya waliofanya kazi. Wageni wa Hifadhi ya Mkomazi wanapita karibu, na wengi hawana sababu ya kusimama Kisiwani au Maore. Wape sababu, lakini usijenge bajeti juu yao.

Kama mkonge bado unalimwa jirani, fikiria pia makapi. Jani la mkonge ni singa kwa asilimia chache tu, sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa inamwagwa mtoni. Kule Hale, Korogwe, Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na makapi hayo. Si kazi ya kikundi kidogo, lakini ukiwa na shamba linalochakata kila siku, ni mazungumzo ya kuanzisha.

Mji wa Lowell huko Marekani, uliojaa viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa maji ya mto Merrimack, ulitangazwa hifadhi ya kihistoria ya taifa mwaka 1978, na walihifadhi mifereji pamoja na majengo. Jambo hilo linatufaa. Banio, mfereji na mtaro viingie kwenye mkataba wako na kwenye bajeti yako kama sehemu ya jengo. Ukikarabati kuta ukaacha banio limebomoka, maji ya masika yatatafuta njia mpya, na njia iliyo rahisi ni kupitia msingi wako.

Fedha ipange kwa misimu. Kiangazi cha kwanza: mlinzi, orodha, upekuzi, vipimo vya mto, mifereji ya maji ya mvua. Kiangazi cha pili: kenchi na paa la upande wa ghala, na mpangaji aingie. Kuta za chokaa zifanywe kidogo kidogo kila mwaka na mafundi walewale, ili ujuzi ubaki kijijini. Katika katiba ya kikundi andikeni sehemu ya kodi isiyoguswa kwa jambo lingine zaidi ya matengenezo, na muitaje kwa asilimia. Na kila mwisho wa Septemba, kabla mawingu ya vuli hayajatanda juu ya kilele cha Shengena, mifereji na banio visafishwe, nanyi mkashiriki zamu ya kusafisha ndiva za juu pamoja na wenye maji.